Plasta niliyompa mzee wa Nongwe

Leo sina habari za mbegu wala za bei. Jumamosi iliyopita nilikuwa gulioni, nikafuatwa na mama mmoja ananiuliza kwa sauti ya chini, "Bwana Shamba, ile plasta uliyompa yule mzee wa Nongwe akachimba viazi kama kijana, bado unazo?" Baada yake akaja kijana wa bodaboda na swali lilelile. Nikaelewa kwamba habari inatembea, na inatembea nusu. Inabidi niieleze yote, hata ile sehemu inayoniaibisha.

Kwanza mgongo wangu mwenyewe. Wanaonifahamu wanajua nimepanda pikipiki ya kazi tangu 2022, Serikali ilipotugawia maafisa ugani. Nashukuru sana kwa pikipiki, lakini barabara zetu za milimani unazijua. Ukitoka Gairo mjini kwenda huko juu, kila kokoto unalihesabu kwa kiuno. Halafu mwaka juzi nilianguka kwenye korongo nikiwa na mbolea nyuma. Sikuvunjika, ila tangu siku hiyo kiuno kikawa kinaniamsha saa tisa usiku. Nilikunywa panadol, nikachomwa sindano za diklofenaki, nikapakwa mafuta ya kila aina. Kuna asubuhi mke wangu alinivalisha soksi. Mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mwenye diploma ya kilimo, anavalishwa soksi.

Shemeji yangu anaishi Uingereza. Kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani, na kuinua watu wazima kitandani kumemuharibu mgongo. Daktari wake wa huko alimwandikia plasta za dawa. Alipokuja likizo akaniona ninavyotembea, akanihurumia, akaniachia tatu. Akaniambia neno moja tu la matumizi: unabandika, unakaa nayo siku tatu, unabandua. Sikuuliza zaidi. Boksi lilikuwa na karatasi ndefu ya maelezo, nikaikunja nikaitia kwenye droo.

Sitakudanganya, ndugu msomaji: ilifanya kazi. Siku ya kwanza nilisikia kichefuchefu. Ya pili niliamka nikavaa soksi mwenyewe. Nilitembelea mashamba darasa matatu kwa siku moja, nikainama kukagua mizizi ya maharage, nikainuka bila kushika goti. Ukiwahi kuishi na maumivu miezi saba ndipo utajua furaha hiyo. Siku ya tatu nilikuwa nimefunga choo, mwili unaniwasha, na kwenye kona moja ya mteremko nilishtuka pikipiki iko pembezoni kabisa mwa barabara. Nilikuwa nimesinzia macho wazi. Nikajiambia ni uchovu, na nikabandika ya pili.

Sasa mzee. Ana zaidi ya miaka sitini, mkulima wa viazi na maharage. Ni mtu ninayemheshimu, maana mwaka nilipohamia huku yeye ndiye alinipa kipande cha shamba la majaribio wakati wengine wananiona mtoto wa shule. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya huko juu imeshika. Alikuwa na ekari moja ya viazi ardhini, mnunuzi ameshaleta Fuso, na mgongo umemkamata hawezi kuinama. Vijana wake wako Dar es Salaam. Vibarua wanataka hela mkononi, naye hela yake iko chini ya udongo. Akaniona nikishuka kwenye pikipiki kwa wepesi. "Mwanangu, wewe juzi ulikuwa unatembea kama mimi. Umepata dawa gani?"

Nilikuwa na plasta moja iliyobaki. Nikamuonea huruma kama shemeji alivyonionea mimi. Nilimbandika mwenyewe, kwa mkono wangu, chini ya bega.

Siku hiyo hakuona tofauti kubwa. Kesho yake akachimba. Mkewe anasema alichimba kutoka asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama, akiimba. Watu wakaja kutazama. Hiyo ndiyo nusu ya habari inayotembea gulioni.

Jioni akarudi nyumbani, baridi kali, akala kidogo, akageuzia mgongo kwenye moto wa jikoni kama afanyavyo kila mwenye mgongo mbovu milimani. Joto la moto likawa linaipiga plasta moja kwa moja. Saa mbili usiku mkewe akasikia anakoroma mkoromo asioujua, wa kukata. Unakoma, kimya kirefu, unaanza tena. Akamtikisa, akafungua macho kidogo akayafumba. Midomo imebadilika rangi. Mjukuu akanipigia simu. "Bwana Shamba, babu haamki. Tumfanyeje?"

Niliwaambia waibandue plasta, wamlaze kwa ubavu, wamtikise na kumwita jina kila anapokaa kimya, na wamkimbize kituo cha afya. Aliyemkimbiza ni yule mnunuzi wa viazi. Alikuwa amelala kwenye Fuso akisubiri kupakia asubuhi, akawasha gari likiwa na nusu mzigo, wakampakia mzee mbele. Nimekuwa nikiwasema sana wafanyabiashara wa lumbesa katika kurasa hizi, na leo chini nitawasema tena. Lakini huyo mmoja namdai maisha yangu yote shukrani.

Mimi nilikuwa mbali, kazi yangu ikawa simu. Na hapa ndipo nilipotaka kudanganya. Tabibu wa zamu aliniuliza mzee katumia nini, ikanijia kusema sijui. Ukisema sijui, watahangaika na malaria na kiharusi mpaka kunakucha. Nikasema, "Kabandikwa plasta ya dawa, na aliyembandika ni mimi." Akauliza imeandikwa nini. Nikavuta droo, nikawasha tochi ya simu, nikasoma: fentanili, mikrogramu 25 kwa saa. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama najua hiyo ni dawa ya jamii moja na mofini.

Walimpa hewa ya oksijeni, wakakaa naye wakimwamsha kila anapotaka kuzama, usiku kucha na sehemu kubwa ya siku iliyofuata. Tabibu alinieleza kwamba kubandua hakutoshi, kwa sababu dawa hubaki imejikusanya kwenye ngozi na huendelea kuingia kwenye damu kwa saa nyingi. Mzee alipona. Niliposimama mbele ya kitanda chake sikuwa na la kusema, na yeye kitu cha kwanza kuniuliza ni kama viazi vimeshapakiwa.

Nilipotoka pale nikaisoma ile karatasi ya droo, mara tatu. Na ngoja nikueleze nilichojifunza kwa lugha ya shamba.

Plasta hii ni kama umwagiliaji wa matone. Dawa iko ndani, inapita kwenye ngozi kidogo kidogo, saa kwa saa, kwa siku tatu kwa hiyo ya fentanili. Ipo nyingine yenye dawa iitwayo buprenofini ambayo aina zake nyingi hukaa siku saba. Kwa sababu inaingia polepole, hushindi nayo njaa ya dawa na nafuu ya kupanda na kushuka kama vidonge. Hapo ndipo uzuri wake. Ubaya wake uko hapohapo: inapanda polepole, mtu anadhani haina nguvu, na inapozidi huwezi kuifunga kama bomba. Ukiipasha joto, kwa moto, maji ya moto, blanketi la umeme, au hata homa kali ya mwili wako, matone yanageuka mfereji. Ukiikata kwa mkasi, aina nyingine hutoa dawa yote ya siku tatu kwa mara moja. Na ile ndogo ya mikrogramu 25, nilivyoiona ndogo, inalingana na takriban miligramu 60 za mofini ya kunywa kwa siku. Mgonjwa anayeanzishwa mofini kwa mara ya kwanza kwa kawaida huanzia nusu ya hiyo au chini yake. Ndiyo maana karatasi imeandika kwa herufi nzito kwamba fentanili ya plasta si ya mtu ambaye mwili wake haujazoea dawa hizo. Mzee hakuwa amezizoea. Wala mimi.

Nani aliyekuwa anakufundisha kwamba sumu hupita kwenye ngozi? Ni mimi. Nani anakukagua kama umesoma kibandiko cha kiuatilifu, ukaangalia rangi ya mstari wa chini, ukahesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna? Ni mimi huyuhuyu. Nimewafokea watu kwa kununua dawa ya nyanya iliyopimwa kwenye chupa ya soda isiyo na jina. Halafu nikambandika mzee wa watu dawa ambayo karatasi yake sikuisoma.

Shemeji nilimpigia. Alilia sana. Akaniambia mambo ambayo ningemuuliza mapema. Kwamba daktari wake alimpitisha kwanza kwenye dawa nyepesi kwa muda mrefu. Kwamba haruhusiwi kuendesha gari akiongezewa kipimo. Kwamba zinamsaidia kusimama jikoni na kwenda mpaka kituo cha basi, na kwake hilo ni kubwa, lakini sasa daktari anampunguzia hatua kwa hatua, maana mwili umeshazoea na kuziacha ghafla kunamletea jasho, tumbo na kukosa usingizi. Sitaki usome hapa ukadhani yeye ni mjinga au dawa ile ni ya shetani. Ana daktari anayejua vidonge vyake vingine vyote na anayemwona tena baada ya wiki chache. Mzee wa Nongwe alikuwa na mimi.

Na kwa maumivu ya mgongo wa kawaida, hata huko zinakotoka wameanza kurudi nyuma. Mwaka 2018 Marekani walichapisha jaribio la wagonjwa 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti. Kundi moja lilipewa dawa za jamii ya afyuni, wakipandishwa hadi plasta za fentanili kwa waliohitaji. Kundi jingine lilianzia kwenye dawa za kawaida, parasetamoli na za jamii ya ibuprofeni. Baada ya miezi 12 uwezo wa kufanya shughuli za kila siku ulikuwa sawa makundi yote mawili, maumivu yalipungua kidogo zaidi kwa wale wa dawa za kawaida, na madhara yalikuwa mengi kwa wale wa afyuni. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno, likashauri dawa za jamii hiyo zisiwe tiba ya kawaida. Lile nililoliona mimi, siku mbili za kuvaa soksi mwenyewe, lilikuwa kweli. Ila mgongo unaulizwa miezi, hauulizwi siku mbili.

Mwenye saratani ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba unisikilize vizuri ili woga wangu usikuambukize. Kama una mgonjwa wa saratani nyumbani anayelia usiku, mofini ya kunywa ni haki yake. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, inaitoa kwa wagonjwa wake, na wenzetu Uganda wameitumia ya maji tangu hospisi ya Daktari Anne Merriman ilipoanza mwaka 1993. Muulize daktari bila aibu. Tofauti ni nani ameandika na nani anafuatilia. Kukaa nazo nyumbani bila cheti ni kosa pia chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na hapo nami nilikuwa na kesi bila kujua.

Kijana wa bodaboda, wewe uliyeniuliza: tramadoli unayomeza ili usisikie mgongo wala usingizi ni ndugu wa damu wa hiyo plasta. Ukichanganya na pombe ya jioni, kupumua kunaweza kukatika ukiwa umelala, kama mzee. Usisubiri joto la moto.

Zile plasta za kunukia mentholi zinazouzwa gulioni ni kitu tofauti. Hizo huifanya ngozi ihisi ubaridi au joto, basi. Shida ni kwamba kwa macho zinafanana na zile. Usikubali plasta iliyotolewa kwenye pakiti yake, hata kama anayekupa ni ndugu, hata kama ni Bwana Shamba.

Sasa utaniuliza, mgongo ufanyeje? Kuna mgongo wa kukimbilia hospitali leo. Miguu inakufa ganzi au inakosa nguvu, mkojo au choo kinatoka chenyewe au hakitoki, sehemu za kukalia hazina hisia, umeanguka kutoka juu, au unapungua uzito na jasho la usiku. Hilo la mwisho linaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Wafugaji mnaokunywa maziwa mabichi, homa za kuja na kuondoka pamoja na mgongo zinaweza kuwa ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba, nao hupimwa. Na diklofenaki kila siku bila kipimo, hasa kama una presha au vidonda vya tumbo, inakuletea ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza. Duka la dawa muhimu lina muuzaji aliyefunzwa. Mwambie dawa zako zote, usimwambie "nipe ya mgongo" tu.

Mgongo wa kawaida, ule wa jembe na gunia, ninaurudisha kwenye fani yangu, ambako nilitakiwa kubaki tangu mwanzo.

Anza na mpini. Mapaja yetu yanajua kuinama lakini kiuno hakikuumbwa kukunjwa saa nane. Mwaka 1975 jimbo la California kule Marekani lilipiga marufuku jembe la mpini mfupi mashambani, baada ya madaktari kueleza linavyoharibu migongo ya vibarua wa mboga. Hapa kwetu tunalinunua wenyewe. Mpini wa palizi ukisimama nao ukufike kifuani. Kuupata ni mti na nusu saa ya panga. Mwenye ng'ombe atumie magoye kupasua mistari badala ya kutifua shamba zima. Bomba la mgongoni la lita 16 likijaa ni kilo 16 za maji ukiacha bomba lenyewe. Weka lita 8, rudi mara mbili.

Halafu lumbesa. Mfanyabiashara, usifunge ukurasa. Wakala wa Vipimo wanasema gunia lisizidi kilo 100, na wewe unajua gunia la viazi lenye kilemba linasimama wapi. Wakati huohuo, tangu 1967 Shirika la Kazi Duniani limependekeza mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Hata kilo 100 za halali ni karibu mara mbili ya hapo, na zinapandishwa kwenye Fuso na mgongo mmoja, kwa ngazi ya mbao. Mkulima anapoteza debe, mpakiaji anapoteza kiuno, na wote wawili jioni wanatafuta plasta. Yule mnunuzi aliyembeba mzee, msimu uliofuata alileta magunia ya kilo 50. Hakunieleza sababu wala mimi sikumuuliza. Wapakiaji wake wanasema gari linajaa haraka kuliko zamani.

Mimi mwenyewe mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali alinipa kazi ambayo niliidharau: kutembea kila siku, na kulala kifudifudi asubuhi nikijiinua kwa mikono taratibu. Wiki tatu sikuona kitu. Wiki ya nane nilivaa soksi. Bado kuna siku mbaya, hasa nikitoka Nongwe. Siku hizo napima kwa kazi: leo nimeweza kuinama mara ngapi, nimeendesha mpaka wapi. Maumivu yenyewe nimeacha kuyahesabu.

Boksi tupu na ile plasta yangu ya pili iliyotumika, nikiwa nimeikunja gundi kwa gundi, nilivikabidhi kwa mfamasia. Hata iliyotumika hubaki na dawa ya kutosha kumuua mtoto akiiokota akajibandika, kwa hiyo kama kuna mtu ametupa ya namna hiyo jalalani, akaitafute leo.

Mzee mwaka huu amelima nusu ekari tu, nusu nyingine amemkodisha jirani. Anapalilia amesimama. Nilipopita mwezi uliopita alikuwa ameota jua mlangoni, mgongo umeelekea ukuta, akaniona nikifungua begi. "Bwana Shamba," akasema, "leo umeniletea nini?" Mkewe akatoka jikoni mbio kuja kuangalia. Ilikuwa kilo mbili za mbegu ya maharage. Aliichukua ile pakiti, akanirudishia, akasema, "Nisomee kwanza kilichoandikwa."

Alhamisi hii niko Chakwale, njooni na majembe tupime mipini. Wiki ijayo tunarudi kwenye ukungu wa viazi.